Chumba Kisichotaka Moto

"Usikanyage hapo, Mama Annick," Jeanne alisema. "Pale ndipo alipokuwa."

Annick Nahayo akaurudisha mguu. Sakafu ya saruji ilikuwa imesuguliwa kwa sabuni mpaka ikapauka, lakini pale mbaula, jiko la makaa, ilipokaa palibaki duara jeusi, na duara lile halikuwa la kutoka kwa sabuni. Kiti cha marehemu kilikuwa bado kimeelekea rafu. Kilikuwa kiti cha plastiki cha kawaida tu, na mto wake alikuwa ameushona mwenyewe kwa vipande vya kitenge.

Na rafu zenyewe, loo! Ukuta mzima ulikuwa masanduku ya plastiki, yamepangwa moja juu ya jingine, na ndani ya kila sanduku, juu ya maranda ya mbao, nyoka. Annick alikuwa Mrundi wa Buyenzi. Alivaa magwanda ya polisi kwao kabla ya kuja Johannesburg kufanya upelelezi wa kujitegemea, ameona maiti za kila namna, na bado ilimbidi ajikaze kisabuni alipoinama kutazama. Nyoka alikuwa mwembamba, amejikunja, hasogei. Mwili wake ulikuwa pete nyekundu, nyeupe na nyeusi, na zile nyekundu zilikuwa pana mno. Nyeusi zilibanwa zikawa nyembamba kama uzi.

"Hawana sumu," Jeanne alisema. "Ni nyoka-mfalme wa milimani, asili yao Amerika. François alikuwa anawazalisha. Anachagua dume lenye wekundu mwingi, anachagua jike lenye wekundu mwingi, anangoja watoto, anachagua tena. Tangu binti yetu Gaëlle akiwa mdogo mpaka leo. Alitaka ule weusi uishe kabisa."

"Ukaisha?"

"Ulikuwa karibu kuisha."

Jeanne ndiye mjane wa marehemu. Alikuwa mwanamke mrefu wa Lubumbashi, amefunga kitambaa cheusi kichwani, na macho yake yalikuwa makavu, macho ya mtu aliyelia mpaka machozi yakamwishia.

Habari yenyewe ilikuwa fupi, na ndiyo iliyompa Annick wasiwasi. François Mbuyi, fundi cherehani, alikutwa asubuhi amekufa kwenye kiti kile, katika chumba hiki cha nyuma ya nyumba yao Turffontein. Mlango ulikuwa umefungwa, dirisha limefungwa, na mbaula imekaa miguuni pake. Daktari alisema ni hewa ya makaa. Polisi wakauliza, mbaula hii ni ya nani? Ni ya Aloys, mlinzi wa geti, Mrundi, anayeota moto wake pale nje kila jioni ya baridi. Basi, kazi ikaishia hapo! Mtu wa nyoka alitaka kuwapa nyoka wake joto, wakasema, akamwagiza mlinzi moto, mlinzi akaleta, akafunga mlango, akaenda zake. Kuua kwa uzembe. Aloys akawekwa ndani, na Jumatatu angepandishwa mahakamani.

Leo ilikuwa Ijumaa. Spéciose, mke wa Aloys, msusi wa nywele, alikuwa amekuja kwa Annick katikati ya wiki na kumshika mikono yote miwili. "Dada, akipatikana na hatia karatasi zetu za ukimbizi ndiyo basi," alisema. "Watamrudisha kwetu. Na kwetu kuna watu wanamngoja, hawamngoji kwa heri. Sitamwona tena." Annick hakumwahidi kitu. Lakini usiku wake haukuwa mzuri tangu siku hiyo, na sura ya yule mwanamke haikumtoka.

Aloys mwenyewe, alipomtembelea mahabusu, alikuwa na maneno machache. Aliiacha mbaula getini, makaa yamekolea, akaenda spaza, duka dogo la mtaani, kununua mkate. Aliporudi mbaula haipo. Hakupiga kelele, kwa sababu wakati wa baridi watu wa uani huazima moto, kisha hurudisha. "Na chumba cha nyoka?" Annick alimuuliza. Aloys alimtazama kama aliyeulizwa kama amewahi kutembea juu ya maji. "Dada yangu, mimi nyoka simwangalii hata kwenye televisheni."

Angeweza kuwa anadanganya, watu walioko ndani hudanganya. Lakini Annick alitaka kwanza kukiona chumba.

Alitoa simu, akafungua picha ambazo wakili wa Aloys alizipata polisi. François kitini, kichwa kimelala begani, koti limefungwa vifungo vyote. Blanketi la kijivu limemfunika kutoka kifuani mpaka miguuni. Annick aliikuza picha kwa vidole. Pindo la blanketi lilikuwa limechomekwa nyuma ya mgongo, upande wa kulia na upande wa kushoto, vizuri kabisa.

"Mama Gaëlle, asubuhi ile wewe ndiye uliyefungua?"

"Ni miye. Baridi ikizidi huwa analala humuhumu kitini, anawalinda. Sikushtuka kitanda kuwa kitupu. Asubuhi nikamletea chai, nikavuta kitambaa, nikasukuma mlango."

"Kitambaa gani?"

Jeanne aliinama nje ya mlango, akaokota gogo la kitenge lililojazwa vipande vya nguo, refu sawa na upana wa mlango. "Hiki. Ni sheria ya bwana yangu. Ukitoka unaziba pale chini, nyoka asipate njia. Hata ukitoka kuchota maji tu, unaziba. Alikuwa mkali sana kwa jambo hili."

"Na yeye akiwa ndani?"

"Akiwa ndani anaziba kwa ndani."

"Asubuhi ile kilikuwa wapi?"

"Huku," Jeanne alisema, akionyesha pale alipokiokota. Kisha mkono wake ukabaki hewani.

Nje, kutoka upande wa viwanja vya mbio, farasi alikoroma.

"Basi kuna mtu aliyetoka humu akamwacha ndani," Annick alisema taratibu. "Akafunga mlango, akaziba kwa nje, kama inavyotakiwa. Nani anaijua sheria hii?"

"Labda mlinzi," Jeanne alijibu, akitazama sakafu.

"Aloys amewahi kuingia humu?"

"Sijui. Labda." Kisha, haraka kidogo: "Pitchou anaijua. Alifundishwa kazi humu na François. Waligombana mwaka jana juu ya dume moja, wakaacha kusalimiana. Yuko Randburg."

Annick alimtazama kwa muda, akashukuru, akatoka. Mlangoni alisikia nyuma yake kitambaa kikisukumwa mahali pake.

*

Pitchou alikuwa na saluni ya wanaume Randburg, chini ya jengo la fleti, na nyoka wake aliwaweka ghorofani anakoishi. Alikuwa kijana mnene, mtanashati, mwenye pete kwenye kila kidole. Alipoambiwa ni habari ya François, aliweka mashine ya kunyolea mezani, akamwomba mteja wake radhi, nusu ya kichwa cha mteja ikabaki na nywele.

Walipanda juu. Sebuleni mlikuwa na rafu kama zile za Turffontein, ndogo zaidi. Dirisha lilikuwa wazi, na wote wawili walitetemeka kwa baridi. Annick alifunga koti lake, lakini hakuuliza. Alikuwa na swali jingine.

"Siku aliyokufa François, jioni, ulikuwa wapi?"

"Bon. Mazoezi ya kwaya. Miye ndiye ninayepiga ngoma. Kwaya nzima iliniona, yaya, dada yangu, na baada ya mazoezi tulikula kwa mchungaji mpaka watu wakasinzia mezani. Uliza yeyote." Alisema bila kupepesa macho, na Annick alijua angeuliza, na alijua pia atakachojibiwa.

"Mligombana naye."

"Kweli tuligombana." Pitchou alijitupa kwenye kochi. "Miye nilitaka rangi za haraka. Nichukue dume la aina nyingine, nimpandishe kwa jike la milimani, watoto watoke na rangi za ajabu, watu washangae. François akasema hapana. Akasema ukichanganya hivyo, unapata rangi na unapoteza nyoka. Yeye alitaka wekundu utoke ndani ya ukoo wao wenyewe, kizazi kwa kizazi. Nyoka hawa hawakui kama kuku, yaya. Unangoja miaka mtoto mmoja apevuke, kisha unakuta watoto wake weusi wote, unaanza upya. Nikamwita mzee wa zamani. Nilimwita hivyo mbele ya watu." Uso wake ukaharibika. "Nilikuwa nasubiri anipigie simu. Na yeye bila shaka alikuwa anasubiri nimpigie miye. Hata mazishini nilisimama nyuma kabisa."

Akaanza kulia waziwazi, pete zake zote usoni. Annick alimwacha alie. Alikuwa amekuja kutafuta muuaji, akamkuta mfiwa, na mfiwa huyu hata mazishini hakuwa na ujasiri wa kusogea mbele. Alisubiri mpaka alipojifuta.

"Polisi wanasema François aliagiza moto kwa ajili ya nyoka wake."

Pitchou aliinua kichwa. "Wanasema nini?"

"Kuwapa joto. Nyoka anapenda joto, si ndivyo?"

"Moto? Mwezi wa saba?" Alisimama. Alikuwa amesahau machozi, sasa alikuwa amekasirika. "Eish! Nani awashe moto Julai? Yaya, unadhani kwa nini dirisha langu liko wazi, unadhani ninapenda kuganda? Hawa ni nyoka wa milimani! Kwao wakati wa baridi wanalala chini ya mawe, hawali, hawasogei. Bila usingizi ule hawazai. Mbegu ya dume inaharibika, jike hatoi mayai ya maana. Kuanzia baridi inapoingia tunazima vyombo vyote vya joto, tunawanyima chakula, tunafungua madirisha. Ukiwapasha moto katikati, umeua mwaka mzima. Na mwaka huu, François! Mwaka huu ndiyo alikuwa na dume na jike wa weusi uliobaki uzi. Wangekutana majani yakianza kuchipua. Mambo yote ya maisha yake yalikuwa yanangoja baridi hii iishe yenyewe."

"Lakini dirisha lake lilikuwa limefungwa."

"Kulikuwa na sakitu siku ile, ulisahau? Maji yaliganda kwenye mabomba. Baridi yao ina kiasi, ikizidi inaua. Siku za namna hiyo anafunga dirisha, anakaa na kipimajoto mkononi, anawachunga kama watoto wenye homa. Anafunga dirisha, sawa. Lakini moto? Angeona mtu anaingiza mbaula mle ndani angeibeba kwa mikono mitupu akaitupe nje, ngozi ibaki huko huko."

"Kwa hiyo hakuiona."

Pitchou alikaa tena kwenye kochi.

"Alikuwa amelala," Annick alisema, zaidi kujiambia mwenyewe.

Alishuka ngazi polepole. Alipofika garini hakuwasha injini. Aliweka mikono kwenye usukani, akayapanga mambo moja moja kama alivyofundishwa zamani.

Moto haukuwa wa nyoka. Basi François hakuuagiza, na kile polisi walichokiita amri yake hakikuwapo. Je, ulikuwa wa adui, mtu aliyetaka kumharibia uzao wake? Hilo lilikuwa wazo zuri, na alilishika kwa muda. Lakini adui angeiweka mbaula chini ya rafu, wala asingeijali sheria ya kitambaa. Aliyetoka mle aliziba mlango ili hata nyoka mmoja asipotee. Mbaula ilikaa miguuni pa mtu, mbali na rafu. Na blanketi limechomekwa nyuma ya mgongo pande zote mbili. Jaribu mwenyewe, ukiwa umekaa kitini, kujichomeka blanketi hivyo. Huwezi.

Moto ulikuwa wa François. Mtu alimhurumia.

Annick alikaa pale muda mrefu. Wakati mwingine katika kazi hii ukweli unapokuja, unatamani ungekuwa umeambulia patupu. Kisha akamkumbuka Spéciose, akawasha gari, akashika njia ya kusini.

*

Jeanne alikuwa kwenye cherehani ya mumewe, anamalizia gauni la mteja. Alimwona Annick mlangoni, mguu wake ukaacha kukanyaga.

"Umemwona Pitchou."

"Nimemwona. Hakuwa yeye." Annick alivuta kigoda, akaketi karibu naye, magoti yao karibu kugusana. "Mama Gaëlle, sikuja na polisi. Nimekuja peke yangu. Nani alimpelekea moto baba wa mtoto wako?"

Jeanne aliikunja nguo iliyokuwa mikononi mwake, akaikunjua, akaikunja tena.

"Alikuwa na kikohozi," alisema mwishowe. "Wiki nzima kifua kinapiga. Nikamwambia njoo ulale kitandani, akasema nyoka watakufa kwa sakitu. Nilipoenda kumtazama alikuwa amesinzia, kipimajoto mkononi. Nikamgusa vidole. Mama Annick, vidole vyake vilikuwa baridi, baridi! Nikamfunika. Nikaona haitoshi. Nikatoka, nikaona moto wa Aloys getini, mwenyewe hayupo. Makaa yalikuwa mekundu, hayana moshi hata kidogo. Kwetu unangoja moshi uishe ndiyo unaingiza ndani. Kila mtu anafanya vile. Mama yangu alifanya vile, na tulikua."

"Najua. Kwetu pia."

"Nilijua akiamka atanigombeza juu ya nyoka zake. Nikasema moyoni, acha agombeze, lakini awe amepata joto." Akaiweka nguo mapajani. "Nilitaka anigombeze. Nililala nikingoja kelele zake."

Annick alimwonea huruma, na alikuwa na hasira pia, na hasira ndiyo iliyosema kwanza.

"Na Aloys? Yuko ndani, mama. Ana mke. Jumatatu wanamsimamisha mbele ya hakimu kwa jambo ambalo wewe unalijua. Asubuhi hii uliniambia labda ni yeye."

"Najua nilichosema."

"Uliogopa kufungwa?"

"Kufungwa?" Jeanne alitikisa kichwa, akacheka kicheko kibaya. "Tazama hii mikono. Mbaula ina moto, ina uzito, unaibeba kwa mikono yote miwili na matambara. Sasa niambie, wewe mpelelezi. Nani alinifungulia mlango? Nilipotoka nikarudi jikoni kufua yale matambara yaliyoungua, nani aliyefunga? Nani aliyeinama akaziba?"

Annick alifumba macho. Kwa hesabu zake zote pale garini, hakuwahi kuhesabu mikono.

"Gaëlle," alisema.

"Papa yake alimfundisha kuziba kabla hajaanza shule. Alikuwa anamsifu, mtoto wangu hasahau. Na siku ile aliziba vizuri, vizuri kabisa, hata upepo usipite." Jeanne aliushika mkono wa Annick, akaubana. "Nikienda polisi wataniuliza, kila kitu wataniuliza. Atasikia. Ana miaka kumi na minne, Mama Annick. Ataishi vipi akijua ni mlango alioufunga yeye? Nikasema, bora Aloys anichukie, bora Mungu anichukie."

"Ilikuwa ajali," Annick alisema. "Wakili atasema hivyo, na mimi nitasema hivyo mbele ya yeyote. Siwezi kukuahidi watakachoamua. Lakini Aloys lazima atoke, na ni wewe tu wa kumtoa. Usiponisindikiza, nitakwenda mwenyewe, na nitayasema niliyoyaona. Nisamehe. Sina njia nyingine."

Jeanne hakubisha. Alikuwa bado ameushika ule mkono.

Geti lililia. Gaëlle aliingia na sare ya shule, begi begani, jezi ya sufu imemvuka vidole. "Hi, anti," alisema kwa adabu, kisha akaiona sura ya mama yake, akasimama palepale mlangoni. Nyumbani mle Kiswahili kilikuwa cha wazazi. Yeye alikielewa chote, lakini alijibu kwa Kiingereza, na akiwa na rafiki zake kwa Kizulu.

"Weka begi, mwanangu. Kaa," Jeanne alisema.

Hakuketi.

"Papa yako." Jeanne alipiga moyo konde. "Ule moto haukuletwa na Aloys. Ni miye nilimpelekea papa yako moto. Ni miye, unasikia? Miye peke yangu."

Msichana hakulia. Alimtazama mama yake, akafungua mdomo, na maneno yakatoka kwa Kiswahili, taratibu, kama mtu anayepita njia asiyoizoea.

"Lakini mama, mimi nilikuwepo. Mimi nilifungua. Mimi niliziba." Alilivuta begi kifuani. "Mimi najua siku zote. Kila siku nikitoka shule nangoja wewe useme si mimi. Wewe hausemi. Nikafikiri unanyamaza kwa sababu ni mimi."

Jeanne aliinuka, kiti kikaanguka nyuma yake. Alimfikia mtoto kwa hatua kubwa, akamkamata, akamkumbatia pamoja na begi lake, na kilio ambacho Annick hakukisikia asubuhi kikatoka chote.

"Si wewe! Mtoto wangu, si wewe. Si wewe. Mungu wangu, si wewe!"

Annick aligeukia dirisha, akawapa mgongo. Uani nguo zilikuwa kwenye kamba, na kiti cha mlinzi pale getini kilikuwa hakina mtu. Alisubiri mpaka kilio kikapungua, kikawa kwikwi tu.

Sauti iliyofuata ilikuwa ya Gaëlle.

"Na anko Aloys?"

Jeanne alijifuta uso kwa kiganja. Akachukua koti lake nyuma ya mlango, na alipolivaa vifungo vikamshinda, hata binti yake akamfungia.

"Twende," alisema. "Tunakwenda kumtoa."